Siku Mama Mkwe Alipoingia Uwanjani

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwanangu, pale Rinkeby, theluji imekwisha lakini baridi bado haijapata habari. Katikati ya uwanja wa mpira alisimama mama mmoja mtu mzima, amevaa koti refu la kahawia na kitambaa cha maua kichwani, na chini ya kiatu chake kulikuwa na mpira. Mechi ilikuwa inaendelea. Timu mbili nzima zilimzunguka zikimtazama, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Refa aliangalia saa yake. Mama yule akautazama mpira, akatazama mawingu, kisha akauliza kwa Kituruki kama kuna mtu anauhitaji.

Mimi nilikuwa golini. Ndiyo, mimi huyu huyu unayeniletea mto wa kuegemea na kuniuliza kila baada ya dakika tano kama nasikia baridi. Nilikuwa kipa wa timu ya wanawake wa Kituruki. Usicheke kwanza. Pa kuchekea papo mbele, nitakuonyesha.

Serikali ilinipeleka Stockholm kusomea kazi za maabara ya hospitali. Nilitoka Singida na sanduku moja na sweta mbili, na wote walionishauri kuhusu baridi walikuwa hawajawahi kuiona. Nikapata chumba Rinkeby, katika yale maghorofa ambayo wakati ule rangi ya kuta ilikuwa bado inanukia, na treni ya chini ya ardhi ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Jirani zangu upande huu walikuwa Waturuki, upande ule Wagiriki, na Waswidi wachache walionisalimia kwa kutikisa kichwa kidogo sana, utadhani shingo inatozwa kodi. Kiswahili nilikizungumza Jumapili tu, tulipokutana Watanzania na Wakenya kupika ugali kwa unga wa uji wa watoto na kudanganyana kwamba umetoka kama wa nyumbani.

Timu yetu ilizaliwa katika chumba cha kufulia. Wewe umekulia huku kwa hiyo unavijua, lakini kwangu kilikuwa kitu kigeni: chumba kimoja chini ya jengo, mashine za wote, na ubao ukutani ambapo kila mpangaji anafunga kikufuli chake kwenye saa aliyoichagua. Ukipitiliza saa yako Mswidi hakugombezi. Anasimama mlangoni na kapu lake la nguo, anakutazama, basi. Ni afadhali angekutukana. Wanawake wa Kituruki walilitatua jambo hilo kwa akili: walichukua saa zinazofuatana, mchana mzima, halafu wakakaa humo pamoja wakinywa chai huku nguo zinazunguka. Mimi nikajipenyeza katikati yao kwa sababu ndicho chumba pekee katika jengo zima kilichokuwa na joto na kelele.

Mkubwa wa kelele hizo alikuwa Nermin, mwanamke mfupi, mshonaji katika kiwanda cha makoti, mwenye sauti ya kuamsha ghorofa zote. Siku moja akaona tangazo kwamba timu za wanawake zinaweza kuomba saa za uwanja. Akalisoma mara mbili, akaligonga kwa kidole. Akasema kwa Kiswidi chetu kile kilichovunjika sehemu nyingi, "Wanaume wetu wana klabu. Wana meza yao, wana televisheni yao, wana mpira wao. Sisi tuna mashine ya kukaushia." Kabla nguo hazijakauka timu ilikuwa imeanzishwa. Mimi akanipima kwa macho toka juu hadi chini na kusema, "Wewe una mikono mirefu. Utakaa golini." Sijawahi kupewa cheo haraka namna ile, kabla wala baada.

Tulipokwenda kujiandikisha, bwana wa pale ofisini alinitazama, akatazama karatasi iliyosema timu ya Waturuki, akanitazama tena. "Na huyu naye ni Mturuki?" Nermin hakupepesa jicho. "Wa kusini," akasema. "Kusini kabisa." Bwana akaandika. Wala haukuwa uongo, mwanangu. Singida iko kusini ya Uturuki, ukiwa na subira. Na ili timu ionekane kubwa, Nermin aliandikisha kila mwanamke wa jengo letu aliyekuwa na miguu, pamoja na ajuza mmoja aliyekuwa anadhani anaandikishwa kwa ajili ya safari ya mabasi.

Sasa nikwambie kuhusu Sevim, maana yeye ndiye moyo wa habari hii. Alikuwa msichana aliyeolewa mwaka uliotangulia, ametoka kijijini karibu na Konya, ameletwa Rinkeby kwa mume wake Yusuf. Kwao alikuwa anachunga kondoo, na alikimbia kama mtu ambaye bado anawafukuzia. Mpira ukiwa mguuni mwake hakuna aliyemfikia. Lakini nyumbani alikuwa kivuli. Katika familia za kwao zilizoshika mila, mke mpya hapazi sauti mbele ya wakwe zake. Ananong'ona, au anaashiria kwa mkono, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomfungulia na kumpa ruhusa ya kusema. Nilipoelezwa sikushangaa. Na sisi kwetu, ukimwona mkwe anakuja njiani, unampisha na macho unayatupa chini kana kwamba umeangusha kitu. Nilijua uzito wa jambo hilo. Lakini siku moja, tukikunja mashuka chumbani mule, Sevim aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema Jumamosi ndiyo siku pekee anayokumbuka kwamba ana sauti na miguu. Nilimhurumia sana binti yule, nikakunja shuka langu vibaya.

Yusuf hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu wa maneno ya watu, na waoga wa maneno ya watu wamejaa duniani, sitakuficha. Alimruhusu Sevim kucheza kwa sharti moja: mama yake aende naye. Basi kila Jumamosi akaja Mama Hadija. Jina hilo Waturuki wanalitamka Hatije, lakini mimi nilimwita Mama Hadija tangu siku ya kwanza, naye akaitika. Alikaa kando ya uwanja kwenye kiti cha kukunja, na chupa kubwa ya chai, na kufuma kwake, ile sufu ameisogeza hadi karibu na pua. Na kwa sababu alikuwa pale, Sevim alicheza bila kutoa hata mlio. Akitaka pasi, alipunga mkono. Akiumia, aliuma mdomo. Wapinzani walidhani ni bubu, na kuna mmoja aliyejifunza ishara mbili tatu ili amsalimie.

Timu haikuwa salama. Kanuni ilikuwa wazi: ukifika uwanjani na wachezaji chini ya saba, mechi inavunjika, na ikivunjika mara ya pili unafutwa na saa yako ya uwanja inapewa wengine. Mara ya kwanza tulishaitumia. Siku hiyo kulikuwa na harusi Märsta, na timu nzima ilikwenda harusini. Hata mpira ulikwenda. Mimi peke yangu ndiye niliyefika uwanjani, nikapeana mkono na refa, nikapeana mkono na wasichana wa timu nyingine mmoja mmoja, kisha nikapanda treni nikaenda harusini. Tangu hapo kulikuwa na timu ya wavulana iliyoitolea macho saa yetu ya uwanja kama paka chini ya meza, na wanaume wa klabu walikuwa wanasema mambo ya wanawake hawa hayatafika kiangazi.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Mchezaji wetu mmoja aliuguliwa na watoto wote kwa tetekuwanga. Mwingine aliitwa kazini kusafisha ofisi. Mwingine alikuwa na mimba ambayo hadi wiki ile aliificha chini ya jezi, na wiki ile ikakataa kufichwa. Tukajihesabu pale kwenye changarawe, maana uwanja wetu haukuwa wa nyasi, ulikuwa wa kokoto ndogo za kuchuna magoti, tukakuta tuko sita. Tukajihesabu tena polepole, kana kwamba tulikuwa tumemsahau mtu. Sita. Refa, mzee mmoja Mswidi mwenye masharubu, akatoa saa mfukoni. Kwa mbali wale wavulana walikuwa wameshaanza kufunga kamba za viatu.

Nilimtazama Sevim. Uso ulikuwa umemwishia damu.

Nermin akageuka taratibu, akamtazama Mama Hadija kwenye kiti chake. "Ameandikishwa," akasema.

Alikuwa kweli ameandikishwa, pamoja na jengo zima. Nermin akaenda, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akazungumza kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumsikia nao. Mama Hadija alisikiliza. Akamaliza mstari wake wa kufuma, maana mtu mwenye adabu haachi mstari katikati. Akasimama, akajifunga koti, akaingia uwanjani. Refa alimfuata mbio akimwomba kwa ishara aache sindano za kufumia nje. Ugomvi wa kanuni wa siku ile ulikuwa huo tu.

Basi hapo, mwanangu, ndipo unaruhusiwa kucheka.

Kwanza, hakuna aliyeweza kumwambia mahali pa kusimama. Nermin, ambaye alikuwa anatugombeza sote kama karani wa soko, alimwendea akainama na kusema, "Mama, popote utakapopenda." Mama Hadija alipenda katikati, penye jua. Pili, na hili ndilo lililotumaliza, wenzangu wote walikuwa wamelelewa kwamba kitu chochote kizuri kinaanzia kwa mkubwa. Chai inaanzia kwake, mkate unaanzia kwake, na sasa mpira nao ukaanzia kwake. Kila aliyeupata alitazama kwanza Mama Hadija yuko wapi, akampelekea, polepole, umguse kiatu bila kumuudhi. Mama Hadija aliupokea, akaukanyaga na kusubiri. Mwanzoni hata wasichana wa timu nyingine, watoto wa Kiswidi wenye nywele za mkia wa farasi, waliogopa kumsogelea. Kisha mmoja akajikaza, akasema, "Samahani, mama," akauchukua, akakimbia nao, akafunga.

Akaja wa pili. "Samahani, mama." Bao.

Sevim, naye, alipata mpira mara moja akiwa peke yake na goli tupu mbele yake. Kipa wao alikuwa ameanguka. Nilipiga kelele kutoka upande wangu nikasahau nimesimama wapi. Sevim akainua mguu, kisha akamwona mama mkwe wake kwa pembe ya jicho. Akasimama. Akageuka. Akarudisha mpira nyuma, umbali wa nusu ya uwanja, kwa Mama Hadija, kisha akainamisha kichwa. Nermin alikaa chini kwenye kokoto.

Nami nisijitoe. Kipindi hicho hicho Mama Hadija alifuata jua hadi mbele ya goli langu, akanipa mgongo, koti lile limeziba dunia nzima. Nilisikia wapinzani wanakuja lakini sikuwaona. Kipa wa kawaida angepiga kelele, "Toka!" Lakini mimi niliyelelewa Singida, nimwambie mama wa watu toka? Nikaanza kwa Kiswidi changu bora kabisa: "Mama, samahani sana, kama hutaona vibaya, naomba, ikikupendeza, usogee kidogo upande wa..." Nilikuwa bado natafuta neno la upande gani, mpira ulipokuwa umeshapita, umeingia wavuni, na unatoka tena. Sentensi yangu ilikuwa na adabu mno, ikachelewa.

Kilipokwisha kipindi cha kwanza tumefungwa matatu. Tukaenda kando, tukamzunguka Mama Hadija. Na sisi, bila aibu, tukaanza. Umecheza vizuri, mama. Umesimama vizuri sana. Jua lilikusumbua, mama, na refa naye. Yusuf, aliyekuwa amekuja kutazama na mfuko wake wa mbegu za alizeti, akaongeza kwamba hajawahi kuona mama anayeutuliza mpira namna ile. Hilo la mwisho kwa kweli lilikuwa la haki. Hakuna aliyewahi kuutuliza mpira namna ile.

Mama Hadija alimimina chai, kikombe kimoja tu, akanywa mwenyewe. Akakaa. Akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Naenda nyumbani," akasema.

Nermin alinitafsiria kwa sauti ndogo. Akiondoka tunabaki sita. Tukibaki sita, timu imekufa.

Tukamsihi kwa pamoja, tukazidisha sifa, na kila tulivyozidisha ndivyo alivyofungua kamba kwa haraka zaidi. Mwishoni akainua mkono tukanyamaza. Maneno yale Nermin aliyatafsiri mara nyingi baadaye, katika chumba cha kufulia, mpaka nikayashika kwa moyo. Nitakupa kadiri ninavyoyakumbuka.

"Mimi si mjinga," akasema. "Nimelea watoto saba na nimezika mume. Mnafungwa kwa sababu yangu na mnaniambia nimecheza vizuri. Kijijini kwetu shemeji zangu walinigombeza kutoka paa hadi paa. Nikitia chumvi nyingi, mtaa mzima ulijua na mimi nilikuwa wa kwanza kuambiwa. Nilikuwa mtu kati ya watu. Tangu nifike nchi hii hakuna anayenigombeza. Daktari anazungumza na mwanangu, mwanangu ananiambia si kitu, mama, kaa. Nyumbani nakaa. Kwenye basi nakaa. Leo mmenipa mpira, nao nimeukalia. Mmenitenga kwa adabu, watoto wangu, na mtu akitengwa kwa adabu hana hata mahali pa kwenda kushitaki."

Alikuwa analia kidogo, mwanangu. Sikuwa nimewahi kumwona mkubwa analia kwa sababu anaheshimiwa.

Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa, akasema, "Nitarudi pale ndani kama mmoja wenu ataniambia ukweli. Nifanye nini? Nani anasema?"

Hakuna. Nermin, bingwa wa maneno, alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama vyangu, na viatu vyangu havikuwa na la kusema. Refa alikuwa anarudi katikati ya uwanja na filimbi mdomoni.

"Sevim," akasema Mama Hadija. "Wewe ndiye unayecheza. Wewe sema."

Sevim akanong'ona kitu.

"Sisikii."

Akanong'ona tena.

"Binti yangu, mimi nimekufungulia. Leo, mbele ya watu hawa. Nikikuudhi, sema. Nikikosea, sema. Sema nikusikie."

Sevim akavuta pumzi. Kisha sauti ikatoka, na sijui msichana mwembamba vile alikuwa ameiweka wapi mwaka mzima.

"Usisimame mbele ya goli! Kaa kule kulia, karibu na mstari, na mpira ukija kwako usiukanyage, upige, mama, upige tu, popote!"

Mbegu za alizeti za Yusuf zilimwagika zote. Wale wavulana wa kando waliacha kufunga kamba. Nermin alishika kifua. Na Mama Hadija, mwanangu, alitabasamu hivi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugenini. Akafunga kamba za viatu kwa mafundo mawili, akavua lile koti, akamrushia Yusuf.

Kipindi cha pili sijui nikueleze vipi. Sevim alikuwa na maneno ya mwaka mzima na aliyatoa yote. "Mama, kulia! Mama, siyo huko, kulia! Mama, amka!" Na Mama Hadija akajibu, kwa sauti kubwa kuliko yake, kwamba kulia kwa nani, na kwamba mtu apewe nafasi ya kupumua. Alikimbia kama anayefukuza kuku, mikono juu, kitambaa kimemshukia shingoni. Akaupiga mpira kila ulipomfikia, mara nyingine mbele, mara nyingine nyuma, mara moja ukampata refa. Wenzetu walipoona mbingu hazijaanguka, nao wakafunguka. Nermin akamwambia mama asogee, akasogea. Mimi, nikiona koti halipo na njia ni nyeupe, nikakusanya ujasiri wote wa Singida na kupiga kelele neno moja tu, "Mama!", naye akaruka kando, na mpira nikaudaka. Nilijisikia nimetenda dhambi na nimeshinda uchaguzi kwa wakati mmoja.

Refa akapuliza filimbi, akasimamisha mchezo. Akamwita Nermin. "Kuna ugomvi katika timu yenu?" akauliza, akiwaonyesha Sevim na mama mkwe wake waliokuwa wanapigiana kelele uso kwa uso na kucheka. Alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni kutafuta kadi.

"Hapana," Nermin akasema. "Wanajuliana hali."

Sevim alifunga mabao mawili. La pili alilifunga akiwa anaendelea kumwelekeza mama mkwe wake, bila hata kutazama kipa. Tulipoteza mechi, mabao manne kwa mawili, na ungetuona ungedhani tumechukua kombe. Wasichana wa Kiswidi walikuja kupeana mikono, wakakaribishwa chai, na chai ilipokwisha ikaja mikate ya jibini ambayo ilikuwa imefichwa kwa ajili ya ushindi usiotokea. Wale wavulana walikwenda nyumbani. Saa ya uwanja ilibaki yetu kiangazi chote na mwaka uliofuata.

Lakini si hilo lililoniingia zaidi. Jioni ile ile, Mama Hadija alimketisha Yusuf jikoni na kumuuliza daktari alisema nini hasa. Yusuf akajaribu lake la kila siku, si kitu, mama. Ndipo Sevim, akiwa anaosha vyombo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwambie." Ikajulikana kwamba macho ya mama yalikuwa yanaingia ukungu, kwamba daktari alitaka ayatibu mapema, na kwamba Yusuf alikuwa ameibeba habari ile peke yake miezi mingi kwa kuogopa kumtia mama yake hofu. Ndiyo maana alifuma na sufu puani. Ndiyo maana aliutazama mpira vile: hakuuona mpaka umguse. Sisi sote tuliona, mwanangu, na sisi sote heshima ilituzuia kuuliza. Alipasuliwa macho kabla ya baridi. Kitu cha kwanza alichosema bandeji ilipotolewa ni kwamba Nermin amezeeka kuliko alivyodhani, na Nermin alifurahi kutukanwa vile, akatangaza jengo zima.

Sasa nisikilize, kwa sababu sijakusimulia haya ili ucheke tu na kwenda zako kupanda treni ya Hjulsta.

Nawaona katika mikutano yetu, wewe na wenzako. Mnatupisha viti vya mbele, mnatupa sahani kwanza, mnatuitikia ndiyo bibi, sawa bibi, ama mnatujibu kwa Kiswidi laini tusichoelewa vizuri, mkidhani hatujui kwamba hilo nalo ni namna ya kunyamaza. Halafu mambo mazito mnaongea nyuma ya mlango. Nani ameachika, nani amefukuzwa kazi, bibi gani asiachiwe tena kuwasha jiko. Mnasema ni heshima. Sehemu yake ni heshima, siwanyang'anyi hiyo. Sehemu nyingine ni uvivu, kwa sababu kumwambia mkubwa ukweli ni kazi, na kumpa mto ni rahisi.

Mwambie mkubwa wako ukweli. Usimwambie mbele ya wageni, na usimwambie ukiwa na hasira, na usianze na kosa la mwaka juzi. Kaa karibu naye, mwite kwa jina la heshima unalomwita siku zote, kisha sema jambo lenyewe, fupi, asikie. Atakasirika. Mimi mwenyewe nitakasirika, nakuahidi, na huenda nikakutolea maneno ya Kinyaturu ambayo hutayapenda. Vumilia. Mtu anayekasirika bado yumo katika mchezo. Anayeambiwa umecheza vizuri, mama, huku anafungwa, huyo mmeshamtoa nje na hamjamwambia.

Na mkubwa wako akiwa ndiye aliyekufunga mdomo, muombe akufungulie. Si wote watakaokubali. Wengine tumezoea kunyenyekewa. Lakini muombe, maana wapo wengi wanaosubiri tu kuombwa, wamekaa kwenye viti vyao wakifuma, wakijiuliza kwa nini siku hizi kila mtu anawaambia wako sawa.

Mungu akupe sauti, mwanangu, na akupe adabu ya kuibeba. Akupe wakubwa watakaokusikia bila kukuona mkosefu. Akulinde na baridi ya nchi hii, ya nje na ile ya ndani ya nyumba. Na utakapokuwa mzee, na miguu imekataa, na macho yanaingia ukungu, Mungu akuzungushie watoto wasiokuogopa.